Muulize Bingwa: Magoti Yamegoma

"Bingwa, mimi ni mwalimu hapa Kitale, kilo 104. Nafuata mazoezi ya kijana mmoja kwenye simu, kuruka tu mwanzo hadi mwisho. Magoti yamegoma. Nifanyeje? Mwenye Magoti."

Mwalimu, umefanya vyema kuniandikia mimi badala ya yule jirani yangu wa Kanduyi anayejiita kocha kwa sababu ana filimbi. Filimbi hata mimi ninayo. Zaidi ya hayo, nina mabega. Ngoma ya kamabeka ikipigwa, wenzangu Bungoma hutikisa mabega. Mimi mabega ndiyo hunitikisa. Kwenye harusi moja huko Chwele, mpiga litungu aliacha kupiga ili anitazame, bibi harusi akasahaulika. Na siku hiyo nilikuwa na mafua!

Tuyaache hayo, ingawa yananipendeza. Kijana wako wa simu ana kilo ngapi? Sitini? Anayeruka, akitua goti hubeba uzito wake mara kadhaa. Kwake ni magunia machache. Kwako ni lori zima la mahindi kwenye foleni ya bodi ya nafaka, NCPB. Ben Jipcho wa Mlima Elgon aliruka viunzi na maji akaleta medali ya fedha ya Olimpiki kutoka Munich mwaka 1972, lakini mwili wake ulikuwa wa kazi hiyo. Watu husema nafanana naye, hasa nikiwa nimeketi.

Kuketi ndiyo dawa yako. Tafuta kiti imara na kuku mtulivu. Mpakate kuku, keti polepole, inuka polepole. Akipiga kelele, umejibwaga, anza upya. Siku utakayorudia mara kumi naye amesinzia, tafuta kiti kifupi kidogo. Mgeni yeyote akija, kuku huyo hachinjwi.

Kisha tembea, mahali tambarare kwanza, maana mteremko hulitesa goti kuliko mlima. Kitale mko kama mita 1,900 juu ya bahari, sisi Bungoma kama 1,400, na anayetoka huku hutweta huko siku za mwanzo. Mimi nilitoka stendi yenu hadi makumbusho nikizungumza njia nzima. Aliyetweta ni msikilizaji wangu. Hicho ndicho kipimo: mwendo uwe wa kukuruhusu kuzungumza ila kuimba kukushinde. Mimi siimbi hata nikiwa nimelala, kwani majirani wakinisikia humwita chifu.

Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 za mwendo kama huo kwa wiki. Halikusema uzimalize zote Jumamosi.

Mhariri ananiambia nafasi imekwisha. Picha yangu hapo juu imekula nusu ukurasa na siipunguzi. Basi upesi: misuli ikiuma siku moja mbili, vumilia, goti likivimba au likikwama, nenda hospitali, kuku abaki nyumbani. Na mama wa Webuye aliyeuliza kuhusu kamba ya kuruka: ndiyo, mama, ifungie mbuzi.