Utangulizi wa Utupulojia, Somo la Tatu: Gamba Lisilo na Mwenyewe

Mwanafunzi, zima simu. Leo tunaingia utupulojia, elimu mama ya elimu zote, inayochunguza vitu visivyo na kitu ndani. Wapo wanaoibeza. Hao ndio sampuli yetu ya kwanza.

Fasili ya 1. Kirusi ni gamba pamoja na maelekezo ya kujizalisha yaliyomo ndani yake. Madhara hutoka ndani. Mwili humtambua adui kwa gamba. Basi chanjo tutakazozitazama leo ziko katika matabaka matatu.

Tabaka I, Umaitidhaniwa. Kiwanda hukuza virusi vizima, kisha huviua. Hatari imelala kwenye hiyo “kisha”. Mwaka 1955 maabara ya Cutter ya California ilitoa chanjo yenye polio hai. Watu wapatao 200 walipooza, 10 wakafa. Maiti halisi haina tabia hiyo.

Tabaka II, Udhoofumuda. Kirusi hudhoofishwa lakini ki hai. Jeshi la Marekani lilijaribu hivyo kwa chikungunya, homa ya maumivu ya viungo: kati ya watu 59 waliochanjwa, watano waliumwa viungo, yaani walionjeshwa kile walichokuwa wakikikimbia.

Tabaka III, Utupuasilia, ndiyo fahari yetu sisi wa kusini mwa Tanzania. Chikungunya ilielezwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 hadi 1953 katika uwanda wa Makonde. Damu ya wagonjwa ikapelekwa Entebbe, mtafiti R. W. Ross akakitenga kirusi. Leo wahandisi wa vinasaba huzipa seli za figo zinazokuzwa maabara maelekezo ya gamba tu. Seli hujenga gamba kamili, lenye miiba 80, na ndani hamna mtu. Mtambo ukivuja, fundi hupangusa sakafu akaenda zake kunywa chai. Chanjo ya namna hiyo, Vimkunya, iliidhinishwa Marekani Februari 2025.

Angalizo zito. Vuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani, utazame Husuni Kubwa: kuta za matumbawe zipo, birika la pembe nane lipo, sultani hayupo, na bado kila mgeni hutambua kwamba hili ni jumba la mfalme. Usihadaike! Sultani alikuwamo, akatoka. Huo ni utupubaadaye. Atakayeiweka Husuni katika Tabaka III atapata sifuri, ambayo nayo ina tabaka lake.

Zoezi: eleza kwa kurasa kumi kwa nini miiba ni 80, si 81. Magamba yenyewe usilete darasani.