Utangulizi wa Elimuhilali: Waonaji Mwezi wa Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado na Vyombo Vyao

Mwanafunzi, kaa vizuri, na usiniulize mwezi utaandama lini. Hilo ni swali la watu wenye haraka. Elimuhilali ni taaluma inayowachunguza watu wanaoutafuta mwezi mwandamo, vyombo wanavyovitoa kabatini jioni ya tarehe 29 ya mwezi wa Kiislamu, na mabishano yanayozuka baadaye. Mwezi wenyewe ni kiambatisho.

Uwanja wetu wa utafiti unaanzia mlango wa mto Ruvuma, unapita Palma na Mocímboa da Praia, na kuishia kisiwa cha Ibo. Hakuna maabara iliyo bora kuliko hii, na sababu yake ni moja: bahari iko mashariki, na hilali huonekana magharibi, muda mfupi baada ya jua kutua. Watu hukusanyika ufukweni penye uwazi na upepo, kisha inawabidi waipe bahari mgongo na kuikodolea macho minazi, mapaa ya mabati na mnara wa simu. Kutokana na hali hiyo tunapata aina mbili za msingi.

Aina ya 1: Wasobahari. Hawa hutazama mashariki tangu mwanzo hadi mwisho. Hilali hawajaiona hata mara moja, ila wameona taa za mashua, meli kubwa, na pengine Mshtarii akichomoza. Usiwacheke. Msimamo thabiti ni tunu adimu katika sayansi.

Aina ya 2: Wagongobahari. Wanagawanyika katika (a) waliogeuka wenyewe na (b) waliogeuzwa kwa kushikwa bega. Ukimhoji wa kundi (b), atakwambia alikuwa akiangalia upepo unatokea wapi. Andika jibu hilo kama lilivyo.

Ibo ni kisa cha pekee, kwa kuwa upande wake wa magharibi umefunguka kwenye mikoko na mkondo unaoitenga na bara. Huko kuna ngome ya São João Baptista, iliyojengwa 1791 kwa umbo la nyota. Wanahistoria hushikilia kwamba umbo hilo lilikuwa kwa ajili ya mizinga. Sina haraka ya kuwaamini.

Sasa tuingie kwenye kiini. Fasili: ulinganishodarubini ni kitendo cha kumwomba mwenzio chombo chake, kukitazamia kidogo, kumrudishia, na kusema “kizuri” kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani. Kila darubini ya macho mawili ina namba mbili. Ya kwanza hueleza inakuza mara ngapi, na ya pili hueleza upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Mwenye 7×50, chombo cha mabaharia, hukutana na mwenye 20×50, chombo cha muuzaji mwenye maneno mengi. Huyu wa pili hutabasamu, maana ishirini imezidi saba na hesabu hiyo haina rufaa. Lakini gawa 50 kwa 7: mwali wa nuru unaotoka kwenye kioo cha jicho una upana wa takriban milimita 7, sawa na mboni ya kijana inavyotanuka gizani. Gawa 50 kwa 20, utapata milimita mbili na nusu. Tena ukuzaji ukipita mara 10 mkono hauwezi tena kuituliza picha. Ndiyo maana mwenye 20×50 huona hilali nne zinazorukaruka, na akifika mbele ya shehe ushahidi wake unahesabiwa kuwa mmoja tu.

Watoto, ambao kwa kawaida huuona mwezi kabla ya wote, hawamo katika uainishaji huu. Hawana chombo cha kulinganisha.

Aina ya 3: Wazuhurishi. Hawa ndio hatari kuliko wote, kwa sababu wana ushahidi. Sayari ya Zuhura ina sura zake kama mwezi, jambo alilolibaini Galileo kwa darubini yake mwaka 1610, na ikikaribia kupita kati yetu na jua huonekana kama hilali ndogo hata kwa darubini ya mkononi. Basi Mzuhurishi anaapa kuwa ameiona hilali, na hasemi uongo. Ameiona hilali ya mwingine.

Aina ya 4: Wapichaji. Hawa wanategemea simu. Baadhi ya simu za siku hizi hutambua kwamba umeuelekea mwezi, kisha huuongezea mashimo na madoa ambayo jicho halikuyaona. Mpichaji hulinganisha picha na Mpichaji mwenzake, na wote wawili huinamisha vichwa. Mwezi huzama wakiwa katika hali hiyo.

Kuna pia tatizo la saa, nalo limewavuruga wanazuoni wengi wachanga. Ng’ambo ya Ruvuma, Tanzania, saa iko mbele kwa saa moja. Hilali inayoonekana Mtwara saa kumi na mbili na nusu jioni huonekana Palma saa kumi na moja na nusu, kwa pumzi ileile. Wapo wa Palma wanaodai kwamba kwa hiyo wao ndio huiona kwanza. Hoja hiyo naiheshimu.

Vyombo havikutolewa kila mwaka. Palma ilishambuliwa tarehe 24 Machi 2021, na Ramadhani iliingia wiki tatu baadaye, watu wakiwa wametawanyika mjini Pemba, Nampula na porini. Mwezi uliandama. Jedwali langu la mwaka ule ni tupu, na sikulijaza.

Wenyeji waliporudi, ubishi nao ulirudi, na pamoja nao haja ya kanuni. Kanuni ya Kwanza: usielekeze darubini magharibi kabla jua halijazama lote, ama sivyo utakuwa mtafiti asiye na jicho. Kanuni ya Pili: usimwamini anayeuona mwezi siku ya kupatwa kwa jua. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa kwa umbo la pete, kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, kabla ya adhuhuri. Magharibi ilipoingia mwezi ulikuwa na umri wa saa sita na ushei tu, ukiwa mbali na jua kwa kama digrii 3. Mfaransa André Danjon alieleza katika miaka ya 1930 kwamba chini ya takriban digrii 7 hilali haijitokezi kabisa. Aliyeiona jioni ile ana kipaji, ila si cha kuona.

Mtihani una swali moja: chora hilali kama ulivyoiona. Katika latitudo zetu hulala chali, pembe juu, kama ngalawa iliyoinama kidogo upande huu au ule kulingana na msimu. Atakayeichora imesimama wima kama ile ya kwenye bendera atarudia mwaka, hata kama darubini yake ni ya bei ghali kuliko yangu.