Kwa Inspekta Jenerali: Tunaomba Ukuta Ukamatwe

Kwa Inspekta Jenerali wa Polisi,
Jogoo House, Nairobi.

Mheshimiwa afande,

Tumesoma taarifa za idara yako kwa miaka mingi, na tumeridhika kwamba maafisa wako wanasingiziwa. Machi 2020, siku chache tu baada ya kafyu ya korona kuanza, mvulana wa miaka 13 aliuawa akiwa kwenye roshani mtaani Kiamaiko, nasi tukaambiwa ni risasi iliyopotea njia. Agosti 2021, ndugu wawili wa Kianjokoma, Embu, walikamatwa kwa kuvunja kafyu. Maelezo yakawa kwamba waliruka kutoka kwenye gari la polisi likiwa mwendoni. Juni 2025, mwalimu aliyekamatwa Homa Bay kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa mtandaoni alisafirishwa hadi Nairobi, akafa akiwa mikononi mwa polisi, na umma ukaarifiwa kwamba alijigonga kichwa ukutani mwa seli. Risasi, gari, ukuta. Kwa kuwa hivi ndivyo vinavyoua raia nchini, tunaomba vikamatwe na visomewe mashtaka, ili maafisa wako wapate usingizi.

Tatizo ni kwamba washukiwa hawa wana utetezi mzuri kuliko taarifa zako. Madaktari waliouchunguza mwili wa mwalimu yule walikuta majeraha ya kichwani, dalili za kukabwa shingo na michubuko sehemu nyingi za mwili. Ukuta ni mgumu, afande, lakini hauna vidole. Gari la Embu nalo halikupata hata nafasi ya kujieleza, kwani walioshtakiwa kwa mauaji ni polisi sita. Na risasi ya Kiamaiko? Risasi ya polisi haiokotwi njiani. Hutoka kwenye ghala la silaha kwa hesabu, mtu akatia sahihi, na bunduki ikirudi jioni hesabu hufanywa tena. Kitu chenye daftari, sahihi na mlinzi mwenye ufunguo kinapoteaje? Kwa tukio hilo pia aliyeshtakiwa ni afisa. Kila upelelezi wa kweli unapofanywa, vitu vinaachiliwa na mtu anaonekana. Ndiyo maana hofu yetu ni juu ya matukio ambayo upelelezi haukufanywa.

Utatujibu kwamba kazi ya polisi ni ya hatari, na hapo husemi uongo. Novemba 2012 zaidi ya polisi 40 waliuawa na majangili katika bonde la Suguta, karibu na Baragoi, na serikali iliyowatuma kule ilistahili kuulizwa maswali mengi kuliko yale iliyoulizwa. Lakini sheria haijamnyima afisa haki ya kujiokoa. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linaruhusu bunduki pale njia nyepesi zinaposhindwa na uhai uko hatarini. Jedwali hilo hilo linataka afisa mwenye sare aonyeshe jina au nambari yake, linataka kifo kiripotiwe mara moja kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, na linasema kutii amri ya mkubwa si kisingizio. Hilo la mwisho lingefaa kusomwa kwa sauti gwarideni, hasa tangu Julai 2025, Rais alipotaka wanaoharibu mali za watu wapigwe risasi mguuni. Mtu anayekimbia gizani ana miguu inayosogea sana.

Utasema pia kwamba IPOA ipo, na mahakama zipo. Zipo. Wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wao walitoweka Juni 2016. Hukumu ya hatia dhidi ya waliowaua ilitoka Julai 2022, miaka sita baadaye. Na katika kesi ile sehemu ya ushahidi ilitoka wapi? Kwenye mawasiliano ya simu, na kwenye kipande cha karatasi ambacho wakili alikirusha nje akiwa kizuizini katika kambi ya polisi ya Syokimau. Afisa wa kituo hulipwa kuandika kila anayeingia; mfungwa ndiye aliyelazimika kujiandikisha mwenyewe. Hatuwezi kuuita huo mfumo wa uwajibikaji wakati unategemea marehemu awe na kalamu.

Basi tunalegeza ombi letu la kwanza. Uache ukuta ulipo. Badala yake, kila raia anapouawa, litolewe hadharani ndani ya saa 24 daftari la silaha la kituo husika: nani alichukua bunduki ipi, risasi ngapi, akarudisha ngapi, na nani alikuwa mkuu wa zamu. Ikitokea kwamba daftari hilo limeliwa na panya, tutashukuru panya huyo akifikishwa IPOA akiwa hai, aandikishe taarifa.

Wako mtiifu,
Mlipa ushuru