Jinsi ya Kumtafutia Kiboko Yatima Kwao

Ukitaka kuandika kitabu cha picha kuhusu mnyama aliyepotea akapata makao na rafiki, chagua dubu kwenye theluji. Mtoto wa Kisauni hajawahi kuona theluji, lakini hilo ni tatizo lake.

Ukishikilia mnyama wa kwetu, yupo Owen, mtoto wa kiboko aliyekwama baharini karibu na Malindi tsunami ilipopiga Desemba 2004. Jihadhari tu, maana kisa chake kimejaa ukweli. Yatima wa vitabuni hutosha kwenye kikapu. Huyu alikuwa na kilo kama 270, na watu walihangaika naye kwa kamba na nyavu. Hata jina alilipata kwa mwanamume aliyemrukia akamng'ang'ania. Futa yote hayo. Andika kwamba aliokolewa na kipepeo.

Makao yake yalikuwa Haller Park, Bamburi: machimbo ya kiwanda cha saruji yaliyogeuzwa msitu kwa kupandwa mivinje. Mtoto akisikia hivyo atauliza mti unaotaje juu ya mawe. Andika "msitu wa ajabu", upite.

Sasa rafiki. Mzee alikuwa kobe wa Aldabra, umri wake ukikadiriwa miaka 130. Ni dume, mvalishe miwani na kanga, awe bibi. Owen alipofikishwa alimkimbilia akajificha nyuma yake, kama ambavyo angejificha kwa mama yake. Mzee akafoka pumzi ya hasira, akajiondokea. Kobe haendi mbali, basi Owen akamfuata. Mzee akasogea tena, Owen naye nyuma. Ikachukua muda ndipo wakala pamoja na kulala ubavu kwa ubavu. (Kwangu mimi hapa ndipo penye hadithi, lakini mimi siuzi vitabu.) Wako wakumbatiane ukurasa wa pili.

Kitabu cha 2006 kuhusu Owen na Mzee kilitumia picha za kamera za Peter Greste, kobe na makunyanzi yake yote. Mchoraji wako ampake kiboko rangi ya waridi, amwekee kope ndefu, amng'oe meno.

Mwishoni weka mafunzo matano kwa herufi kubwa, mtoto asije akafurahi bure.

Kuhusu Cleo, kiboko jike ambaye baadaye Owen aliwekwa naye, funga mdomo. Mtoto atauliza Mzee alibaki na nani, na wewe ulishazima taa.