Ukarimu wa Pesti
Baadhi ya mafundi wetu wa kompyuta, kuanzia Bukoba mjini hadi Ngenge, wana mkono wa ukarimu: prosesa hupakwa pesti ya kupitisha joto kama mkate wa sikukuu. Kumbe shaba ya hitisinki, kile kifaa cha kupoza prosesa, hupitisha joto mara 30 au zaidi kuliko pesti nyingi. Kazi ya pesti ni kufukuza hewa kwenye vijinafasi visivyoonekana kati ya viwili hivyo, basi. Tone la njegere latosha, hitisinki ikikazwa italitandaza yenyewe. Watasema ikizidi itachuruzika tu pembeni. Sawa, ila zipo pesti zinazopitisha umeme, na hapo mteja atarudi, si kwa kushukuru. Nao wanaodai eti Ziwa Victoria linatupoza, wafute kwanza ile pesti kuukuu iliyokauka. Upepo wa ziwa haupenyi chini ya hitisinki.