Mafundi wa Rangi, Njooni Tufunge Waya

Kuna imani imeenea kwa mafundi wetu, Bukoba mjini hadi Muleba: rangi za waya wa mtandao zipange upendavyo, mradi ncha zote mbili zifanane. Imani hiyo ni potofu, na anayeilipia ni karani wa zahanati anayekodolea macho ukurasa usiofunguka huku foleni ikirefuka.

Haya, shika koleo. Menya ganda, utakuta nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili. Plagi iwe na ulimi upande usiouona, meno ya shaba juu. Kuanzia kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.

Mbona kijani katenganishwa na mwenzake? Kwa sababu namba 3 na 6 ni jozi moja. Uzi mmoja hubeba ishara, wa pili hubeba kinyume chake. Zikisokotana, kelele ya waya wa umeme uliopita jirani huzipata zote sawa, na kifaa kinachopokea huifuta. Ukizipanga jozi baada ya jozi, namba 3 na 6 zinaangukia nyuzi zisizojuana. Kile kipimo cha taa nane kitawasha zote, utalipwa na kuagwa vizuri, maana kinapima tu kama uzi umefika. Hakijui nani kasokotwa na nani. Waya wa mita mbili utavumilia. Wa mita arobaini utayumba, na lawama ataangushiwa mtoa huduma.

Msokoto usiufumue kupita milimita 13. Urefu usizidi mita 100. Na kabla ya kununua boksi zima, kwaruza uzi kwa wembe: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Irudishe dukani.

Antena ya juu ya bati, tuseme kule Kamachumu, hupelekewa umeme kwa waya huohuo. Tundu la adapta lililoandikwa PoE liende antena. La LAN liende kwenye ruta au kompyuta. Waya uache tumbo chini ya tundu la ukutani, mvua idondokee hapo badala ya kufuata waya hadi ndani.

Radi za kandokando ya Ziwa Viktoria mnazijua. Kwa hiyo kati ya jengo na jengo, darasa na ofisi ya mwalimu mkuu, msivute shaba. Vuteni faiba ya nje isiyo na chuma ndani yake. Kioo hakipitishi umeme.