Mlima wa Dagahaley

Muuzaji wa vifaa vya kugeuza baiskeli kuwa ya umeme huapa kwamba mota yake itapanda mlima wowote. Dagahaley, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992 huko Dadaab, Kenya, ahadi hiyo haina wa kuipinga: mlima wenyewe haupo.

Kuna mchanga.

Na mchanga haujasoma karatasi ya maelekezo. Gurudumu likizama, mota ya kitovuni huzunguka polepole, na umeme mwingi huishia kuwa joto badala ya mwendo. Fundi wa nyumbani huilaumu mota, akaagiza kubwa zaidi. Hesabu haimuungi mkono: betri ya volti 36 na kontrola (kidhibiti cha umeme) yenye kikomo cha ampea 15 hupitisha wati 540 hivi, hata ubavuni mwa mota pakiandikwa 1,000. Tena waya ukiwa mwembamba na plagi imelegea, volti hushuka njiani. Plagi inayochoma vidole ndiyo ya kushughulikiwa kwanza. Kisha tairi pana, upepo upunguzwe kidogo.

Mwenye mkokoteni wa punda, asiye na kontrola wala dhamana, hupunguza mwendo, hutaja bei ya kuivuta baiskeli, na husubiri jibu.